Mambo Waliyojifunza Watoto wa Gredi ya Nne

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Desturi ya karani ni kuandika maneno ya wenzake, wala si kusema yake. Lakini mwezi wa Julai mwaka 2025 Halmashauri iliniagiza kwamba, nikienda nyumbani kwa likizo, nipite katika ile shule ya msingi ambayo Chama chetu kiliipelekea vitabu vya kusoma, niketi na darasa moja, kisha nilete habari za mambo wanayojifunza watoto. Nimefanya hivyo. Niliketi siku 3 pamoja na watoto wa Gredi ya 4, katika shule iliyo karibu na ziwa upande wa Homa Bay, si mbali sana na mpaka wa Migori. Sitaitaja shule hiyo kwa jina, wala mwalimu, wala mtoto yeyote, maana habari za watoto ni amana ya wazazi wao, na kijitabu cha taarifa yetu hupita katika mikono mingi.

Mnajua pia kwamba liko shauri mbele ya mkutano huu, la kuzitoa fedha za vitabu na kuzitia katika mfuko wa mazishi. Shauri hilo litajadiliwa baada ya hotuba hii. Kwa hivyo naomba mnisikilize kwa subira, ili kila mtu atakapoinua mkono wake ajue anakata neno juu ya kitu gani.

Kwanza, yafaa nieleze darasa lenyewe ni la namna gani. Wengi wetu tulisoma katika utaratibu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika siku zetu Darasa la Nne lilikuwa darasa la kupita tu. Hakuna aliyeulizwa habari zake. Jicho la kila mzazi lilikuwa kwenye mtihani wa mwisho wa Darasa la Nane, ule wa KCPE, na mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya, uitwao Mtaala wa Umilisi, uliingia katika madarasa ya chini ya nchi nzima mwaka 2019, ukafika Gredi ya 4 mwaka 2020. Mwaka huo ndio shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilipoanza kufunguliwa tarehe 12 Oktoba, madarasa 3 tu ndiyo yaliyoitwa kwanza: Darasa la Nane, Kidato cha Nne, na Gredi ya 4. Watoto wale wa kwanza sasa ni vijana. Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026 waliingia Gredi ya 10.

Yako mambo mawili yanayoifanya Gredi ya 4 kuwa nzito. Jambo la kwanza ni lugha. Kwa kanuni ya Serikali ya tangu miaka ya 1970, mtoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha inayosemwa mahali pake. Huko kwetu ni Kiluo kwa sehemu kubwa, na Kikuria kwa ndugu zetu wa Kehancha na Isebania. Afikapo Gredi ya 4, Kiingereza ndicho kinachokuwa lugha ya kufundishia karibu kila somo. Mtoto aliyekuwa akihesabu samaki kwa lugha ya mama yake hutakiwa mara moja kuwahesabu kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Asiyejua kusoma vizuri wakati huo hubaki ng'ambo, na wenzake huondoka na chombo.

Jambo la pili ni alama. Mtihani wa Gredi ya 6 ulipoanza mwaka 2022, mpango uliotangazwa ulikuwa kwamba mtihani wenyewe ubebe sehemu 40 katika 100, na sehemu 60 zitokane na kazi zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Maana yake ni kwamba hesabu ya mtoto imeanza kuandikwa mapema. Sisi bado twangoja afike juu ndipo tumtafute.

Baada ya kusema hayo, nitaeleza niliyoyaona. Masomo yao ni 8: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Dini, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, na Sanaa. Sitapita katika yote. Nitataja yale yaliyonifunza kitu mimi niliyekwenda kutazama.

Nianze na Hisabati. Mwalimu aliandika ubaoni hesabu hii: mama mmoja amenunua omena gorogoro 12 kwa shilingi 250 kila gorogoro, akaziuza kwa shilingi 300 kila moja, akalipa nauli shilingi 240. Je, amepata faida gani? Watoto walifanya kazi kwa makundi, na baada ya muda jibu likapatikana, nalo ni shilingi 360. Hapo akasimama mvulana mmoja ambaye mama yake hufanya biashara hiyo ufuoni. Akasema, "Mwalimu, zile zilizonyeshewa hazikuhesabiwa." Kila mtu atokaye kando ya ziwa ajua maneno hayo. Omena huanikwa juani juu ya nyavu, na mvua ikizikuta zimeharibika bei.

Mwalimu hakumkemea. Alifuta ubao akaandika upya: gorogoro 2 zimenyeshewa, zikauzwa kwa wafuga kuku kwa shilingi 100 kila moja, na 10 zilizobaki zikauzwa kwa bei ile ya 300. Fanyeni tena. Wakafanya. Mapato yakawa shilingi 3,200, gharama pamoja na nauli shilingi 3,240. Mama amepata hasara ya shilingi 40. Darasa lilinyamaza. Watoto wengi pale ni wa mama kama huyo, na nadhani kwa mara ya kwanza waliona kwa kalamu kwa nini siku nyingine mama hurudi jioni bila sukari. Kisha msichana mmoja akauliza kama turubai moja la kufunikia lingegharimu kiasi gani, na somo likaendelea kutoka hapo mpaka kengele ikalia.

Katika Masomo ya Jamii walikuwa wakijifunza habari za kaunti yao na za jirani zao. Mwalimu aliwaeleza kwamba mpaka wa Homa Bay na Migori ni wa juzi tu. Zamani sehemu zote mbili zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, na makao yake yalikuwa Homa Bay. Kaunti tulizo nazo zilianza kazi mwaka 2013, baada ya Katiba ya mwaka 2010. Akawafunza habari za Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyoko Migori upande wa Nyatike. Yakadiriwa ngome hiyo ilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kama mita 1. Hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Ni mawe matupu, yamepangwa tu.

Mimi nilipokuwa shule habari kama hizo zingeandikwa ubaoni, nasi tungezinakili na kuzikariri. Watoto hawa walipelekwa nje nyuma ya darasa, wakaambiwa waokote mawe na kujenga ukuta wa kimo cha mkono bila udongo. Kuta za makundi yote zilianguka. Ndipo mwalimu akawaeleza jinsi wazee walivyofanya: walipanga mawe safu ya nje na safu ya ndani, kisha katikati wakajaza mawe madogo madogo ya kukaza. Watoto wakarudi wakajenga tena, na safari hii kuta mbili zilisimama mpaka nilipoondoka. Nilimwuliza mtoto mmoja amejifunza nini. Akajibu kwamba mawe makubwa peke yake hayatoshi. Nikaliandika jibu lake katika daftari langu kama alivyolisema.

Wakaelezwa pia kwamba katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, wachunguzi wa mambo ya kale wamechimbua vyombo vya mawe vya kukatia vya tangu miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Habari hizo zilitangazwa duniani mwaka 2023. Na kule Rusinga, mwaka 1948, Bibi Mary Leakey alipata fuvu la mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni nyingi kabla ya hapo. Twawaambia watoto wetu kwamba elimu iko mbali, Ulaya na Marekani. Lakini wataalamu wa Ulaya na Marekani hupanda ndege kuja kusoma katika udongo wetu. Ni haki watoto wetu waujue nao udongo huo.

Katika Kiswahili walikuwa na kazi niliyoipenda sana. Waliambiwa waulize nyumbani majina ya samaki kwa lugha zote zinazosemwa jirani. Darasa lile lina Waluo na Wasuba, na wamo wana wa wavuvi waliotoka Migori na hata ng'ambo ya mpaka. Wakaleta orodha. Ngege wa kwetu ndiye sato kwa wenzetu wa Musoma na Mwanza. Mbuta ndiye sangara. Omena ndiyo dagaa. Kamongo ndiye kambare mamba. Mwalimu akawaeleza kwamba mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na ya 1960, akala samaki wengi wa asili, ingawa baadaye alileta biashara kubwa. Akawaonyesha ramani ya ziwa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100. Mtoto mmoja alishangaa, maana akisimama ufuoni kwao haoni mwisho.

Liko neno moja katika kazi hiyo lililonihuzunisha. Watoto wa Kisuba walipotakiwa kuleta majina kwa Kisuba, waliokuja na majina ni wale tu wenye babu au bibi walio hai. Wengine walikuja mikono mitupu. Hatuwezi kuwalaumu watoto hao. Lakini twaweza kujiuliza, sisi tuliozaa hapa Mombasa, ni wangapi kati ya wana wetu watakaoweza kuongea na bibi yao siku wakifika nyumbani.

Sasa nafika kwenye Sayansi, na hapo naomba akina mama wanisikilize zaidi. Watoto walifunzwa habari za malaria: kwamba ni mbu jike wa aina ya Anopheles aenezaye ugonjwa huo, kwamba huuma usiku, na kwamba huzaliana katika maji yaliyotuama. Haya mnayajua. Mnajua pia kwamba chanjo ya malaria ilipoanza kujaribiwa katika Kenya mwezi wa Septemba mwaka 2019, ilizinduliwa katika kaunti yetu ya Homa Bay, na Migori pia ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopewa. Watoto wa Gredi ya 4 wa mwaka 2025 walikuwa wamekwisha kupita umri wa kuchanjwa, lakini wadogo zao walichanjwa, na waliozaliwa mwaka ule wako shuleni sasa.

Baada ya somo, mwalimu aliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja atafute kitu chochote kilichoandikwa kilichomo nyumbani kwao, akisome, na kesho alete maneno yake. Wengi walileta maneno ya pakiti za chumvi na sabuni. Msichana mmoja anayelelewa na bibi yake alileta pakiti ya dawa ya malaria. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Aliyasoma kwa shida, mwalimu akamsaidia mahali pawili au patatu. Yalisema dawa ile humezwa kwa siku 3, mara 6 kwa jumla, ya pili baada ya saa 8 tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka iishe, hata mgonjwa akijisikia amepona. Mtoto akanyamaza, kisha akasema kwa Kiluo kwamba bibi yake humeza siku ya kwanza, na akipata nafuu huvifunga vidonge vilivyobaki katika kitambaa, aviweke akiba kwa homa nyingine.

Jioni ile msichana alimsomea bibi yake pakiti hiyo, neno kwa neno, akamfasiria. Najua kwa sababu asubuhi yake bibi mwenyewe alikuja shuleni akiegemea mkongojo, kumwuliza mwalimu kama kweli maneno yale yameandikwa au mtoto ameyatunga. Mwalimu akamthibitishia. Bibi akasema dawa hizo amezimeza miaka mingi, na hakuna mtu aliyewahi kumsomea.

Bwana Mwenyekiti, sina haja ya kuongeza neno juu ya hilo.

Sitaki mdhani kwamba nilikuta mambo mazuri tu. Wazazi wana manung'uniko, na manung'uniko mengine ni ya haki. Walipokuwa katika somo la Kilimo, watoto walitakiwa waje na matambara na vijiti ili watengeneze sanamu za kufukuzia ndege katika shamba la mtama. Baba mmoja aliniambia kwa uchungu, "Nimempeleka mtoto shuleni akasome, naambiwa nilete matambara." Nilimjibu kwamba mtama wa shule ulikuwa umesimama, na wa jirani umeliwa. Alicheka, lakini hoja yake haikuisha. Maana leo ni matambara, kesho ni rangi na karatasi ngumu, keshokutwa ni picha ya kuchapishwa katika duka la kompyuta sokoni, na mwenye watoto watatu hulipa mara tatu. Elimu ya msingi imetangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2003. Hata hivyo fedha ambazo Serikali imezoea kutenga kwa mtoto mmoja wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na kila mmoja wetu ajua kiasi hicho chanunua nini.

Upungufu mkubwa zaidi niliouona ni wa kusoma. Darasani wamo watoto wanaosoma ukurasa mzima bila kusita, na wamo wanaofuata kwa kidole neno moja moja hadi wachoke. Wote wamo katika darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja. Baadhi ya wale wa nyuma ni watoto wa wavuvi wanaohamahama kutoka ufuo hadi ufuo kufuata samaki. Kila wakihama, mtoto huacha kitabu katikati. Na kwa upande wa Migori, walimu niliozungumza nao walinieleza kwamba wako wavulana wanaokosa shule kwa ajili ya kuchekecha mchanga wa dhahabu. Mvulana akipata shilingi mia mbili kwa siku, ni vigumu kumshawishi kwamba sarufi ina faida.

Mtaniuliza, na vitabu vyetu je? Vitabu vyetu nilivikuta salama, tena salama kupita kiasi. Vilikuwa ndani ya kabati ofisini, vimefungwa kwa kufuli. Mlango wa darasa haufungiki, na mwalimu mkuu anaogopa vikipotea Chama kitamdai. Kwa hivyo hutolewa siku ya Ijumaa kwa kipindi kimoja, watoto watatu au wanne kwa kitabu kimoja, kisha huhesabiwa na kurudishwa. Havijatoka kwenda nyumbani hata siku moja. Simlaumu mwalimu mkuu. Sisi ndio tuliopeleka vitabu bila sanduku, bila daftari la kuazimia, na bila neno la kumwondolea hofu.

Sasa narudi kwenye shauri lililo mbele yetu.

Vyama vya namna hii ni vya zamani. Baba zetu na babu zetu walipokuja mijini kutafuta kazi, katika reli, bandarini na majumbani, walijiunga ili mgonjwa asilale peke yake, na maiti asizikwe ugenini. Mwaka 1980 vyama vikubwa vya makabila vilivunjwa, lakini desturi ya kusaidiana haikuvunjika, na ndiyo iliyotukusanya hapa leo. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba nadharau mazishi. Kumrudisha marehemu nyumbani ni heshima, na aliye mbali na kwao huogopa kitu hicho kuliko umaskini. Mfuko wa mazishi ulinisaidia mimi na nyumba yetu. Nautetea mpaka mwisho.

Lakini tazameni ukurasa wa hesabu katika kijitabu hiki, ambao Mweka Hazina atausoma baadaye. Mfuko wa mazishi hujazwa kwa siku chache kila unapopungua. Taarifa ikitoka usiku, asubuhi fedha zimekwisha kufika. Mfuko wa vitabu hungojea mwaka mzima, na kila mwaka hupungukiwa. Mimi ndimi niandikaye barua za kukumbusha, nami najua idadi ya majibu ninayopata. Tukizitia fedha za vitabu katika mazishi, mazishi hayataongezeka heshima kwa kiasi hicho kidogo, lakini watoto watapoteza chote walicho nacho kutoka kwetu.

Na liko jambo jingine. Kila tukienda kuzika, basi zima huondoka hapa Mombasa. Ndani yake wamo walimu, wauguzi, makarani, madereva na mafundi, watu wanaojua kusoma lugha mbili au tatu. Mara nyingi twafika Alhamisi au Ijumaa, na mazishi ni Jumamosi. Siku ile ya kungoja twaketi chini ya turubai na kuzungumza siasa. Shule iko karibu. Katika shule hiyo wamo watoto wanaohitaji kitu kimoja tu: mtu mzima aketi kando yao kwa saa moja, awasikilize wakisoma.

Kwa hivyo, kwa idhini ya Mwenyekiti, naweka mbele yenu maombi matatu.

Ombi la kwanza: mfuko wa vitabu ubaki peke yake, wala usichanganywe na mfuko mwingine wowote, hata kama ni mdogo.

Ombi la pili: kutoka katika mfuko huo tununue sanduku moja la bati lenye kufuli, likae darasani, pamoja na daftari la kuazimia. Tena tuandike barua kwa mwalimu mkuu, yenye sahihi ya Mwenyekiti, kwamba kitabu kikichakaa au kikipotea kwa kusomwa, Chama hakitamdai. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Ombi la tatu: kila mwanachama asafiripo kwenda nyumbani, kwa likizo au kwa mazishi, atoe saa moja katika shule ya msingi iliyo karibu na kwao, kwa ruhusa ya mwalimu, amsikilize mtoto mmoja akisoma. Ombi hili halina gharama. Nitakuwa na daftari la kuandika waliofanya hivyo, na mkutano wa mwaka ujao nitalisoma.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi watu wa ziwa twayajua maneno hayo kwa mikono yetu. Huko nyumbani wako watoto ambao mwaka 2025 walijifunza kupima hasara ya omena, kusimamisha ukuta wa mawe bila udongo, na kumsomea bibi dawa yake. Wamejifunza hayo kwa vitabu vya kugawana na kwa darasa lisilo na mlango wa kufungika. Mwaka huu wa 2026 wamo Gredi ya 5, na wengine wamewafuata katika viti vile vile vya Gredi ya 4.

Shauri sasa ni lenu. Narudi kwenye kiti changu na kalamu yangu, niandike mtakayoyaamua.